Daraja la Mkono Mmoja

Jumatatu, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikipiga unapokea, unapiga kelele "Haloo! Haloo!", halafu unakata na kusema mtandao mbovu. Mtandao ni mzima, Mjomba. Mashine yako ya kukatia mbao ndiyo iliyokula masikio.

Kaa chini kwanza. Ofisi yetu ya uchoraji wa majengo ndiyo inayouchora ule mji wa maofisi unaojengwa nje ya jiji, kwenye kiwanda cha zamani cha matofali, na mimi nimo! Ni majengo sita ya ghorofa nne nne, yamezunguka yale mashimo yaliyochimbwa udongo, ambayo yatakuwa mabwawa matatu ya maji. Kuta zote ni za matofali mekundu. Madirisha ya magharibi yana mbao za kukinga jua, na dohani ya kiwanda itaachwa imesimama katikati. Reli itapata kituo kipya: jukwaa la abiria kati ya reli mbili, na juu yake daraja la waenda kwa miguu. Mtu atashuka kwenye treni, atapanda daraja, atavuka reli na kuingia kwenye njia yenye paa itakayomfikisha mlangoni bila kuguswa na tone la mvua. Mabasi nayo yatatoka barabara ya mzunguko na kushusha watu hapo hapo.

Majengo mawili ya kwanza yameshasimama, bado hayana madirisha. Jana injinia wa saiti alinipandisha ghorofa ya nne. Mjomba, nilishikwa na bumbuwazi. Zile nguzo nilizichora mimi, viduara vidogo vya kalamu, sasa nazikumbatia na mikono haikutani! Nilisimama ukingoni nikaona barabara inapinda, mabwawa yanameta, treni inatokea mbali inakuja, na ng'ambo ya reli mtaa wetu, hata paa letu lenye bati moja jipya. Nililia kidogo. Usimwambie mtu.

Sasa zamu yako. Mwisho wa Aprili mwenyekiti wa kampuni, watu wa reli na madiwani wanakuja kutazama awamu ya pili, yaani majengo manne yaliyobaki, kituo na daraja. Wanataka modeli ya mezani, kipimo cha moja kwa mia mbili. Mkuu wetu aliuliza nani anaweza kazi hiyo. Nikasema mjomba wangu, na kwamba hujawahi kukosea hata unene wa kucha. Karatasi namba kumi na saba, ya daraja, ndiyo ya kwanza kuandikwa jina langu kama mchoraji. Hiyo itazame vizuri.

Mama hajambo. Amebanwa na cherehani, ndiyo maana hajaandika.

Mpwa wako,
Penseli


Ijumaa, 15 Februari

Penseli,

Marahaba. Michoro imefika. Watu wa mizigo wameubonyeza mrija kidogo, ndani salama. Nimeitandaza sakafu nzima ya karakana, nikavua viatu, nikawa natembea katikati yake kama mgeni.

Wamejua kuchora, sikatai. Hiyo njia yenye paa nimeipenda mno. Mbao za kukinga jua ni mia tisa na sitini. Nimezihesabu, nikamtukana mkuu wako mara mbili, kisha nikaanza kukata. Dohani imeshakamilika, nimeichonga kutoka kwenye mpini wa ufagio. Mkaza mjomba wako bado anautafuta, kwa hiyo kimya.

Ila karatasi namba kumi na saba imeninyima raha. Daraja lako linatoka jukwaani, linanyoosha mkono mmoja kwenda kwenye maofisi, basi. Upande wa pili limekatwa wima kama mkate. Reli ya pili iko pale, na baada ya reli ni karatasi tupu, hata mstari hakuna. Nilidhani wino umewaishia. Niliigeuza, nikaiinua dirishani, wapi. Mwanangu, hapo peupe si ndipo mnapoishi wewe na mama yako?

Mimi si msomi. Lakini nimetengeneza madaraja kumi na moja mezani hapa, na sijaona lililofika katikati likasema limechoka. Niandikie unielimishe.

Mjomba wako


Jumatatu, 25 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umenichekesha, halafu umeniudhi. Karatasi haikukosewa. Katika kazi yetu, kilicho nje ya mpaka wa mradi hakichorwi, na mpaka wetu unaishia ukingo wa jukwaa. Si kwamba tumewadharau watu. Ni utaratibu tu, ndivyo michoro yote inavyofanywa duniani. Watu wa mtaani wana njia yao: unazunguka hadi kivuko cha magari, dakika arobaini kwa miguu, umefika. Hata mimi ndivyo ninavyokwenda kazini.

Tafadhali tengeneza kama ilivyochorwa. Mkuu ni mtu wa vipimo, hana mzaha, na mimi ndiye mdogo kuliko wote pale ofisini. Wenzangu wamesoma vyuo vikubwa. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, nikianza kwa kukunja michoro ya wengine.

Leo wamefungulia maji kwenye shimo la pili. Tuliacha kazi wote, kuanzia injinia hadi wapika chai, tukasimama ukingoni. Maji yalipopanda, jengo zima likaanza kutokea ndani yake kichwa chini, ghorofa moja baada ya nyingine. Fundi mmoja wa matofali alivua kofia.

Mama hajambo kabisa, anakusalimia.

Penseli


Jumamosi, 9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeificha chini ya cherehani asiione binti yangu. Umeniuliza maswali mawili kama hakimu.

La kwanza, eti ng'ambo ya reli kuna nini. Wee kaka, umezeeka au umerogwa? Umelala kwangu mara ngapi? Kuna nyumba yangu na kibaraza chake na meza ya cherehani. Kuna fundi baiskeli, kuna bomba la maji na foleni yake isiyokwisha, kuna chekechea yenye geti la bluu, kuna yule babu wa njiwa. Nyuma yetu kuna nyumba hata sizijui idadi.

La pili, kama ni kweli tunazunguka. Nani ana dakika arobaini za kutupa? Uzio una tundu. Asubuhi wote tunapenya hapo, wenye vikapu, wenye watoto mgongoni, wenye sare za kazi. Huyo mwanao mchora maghorofa naye anapenya hapo hapo, viatu vya ofisini ameshika mkononi.

Sasa nikuambie jambo, na ole wako useme limetoka kwangu, maana alinikataza. Mwezi wa kwanza nilianguka pale. Nilikuwa na furushi la mashati ya kupeleka kwa wateja, kiatu kikanasa kati ya chuma na mawe. Nikasikia mayowe. Kugeuka, treni hiyo. Kaka, treni ukiitazama umekaa chini ni kubwa! Sikukimbia, sikupiga kelele, niliduwaa nikaitazama tu kama mtu aliyeitiwa sherehe. Mwanao ndiye aliyerudi akanivuta kwa kola ya gauni hadi likachanika mgongo wote. Goti halijakaa sawa mpaka leo.

Hajalitaja tena neno hilo, nami silitaji. Tunapita hapo hapo kila siku, ila sasa ananishika mkono.

Sikuombi kitu. Umeuliza, nimejibu. Na mwambie wifi yangu nimepata kitambaa alichokitaka.

Mdogo wako


Alhamisi, 18 Aprili

Penseli,

Maboksi saba, yamepanda gari la mizigo leo. Namba moja hadi sita ni ardhi, mabwawa, majengo na barabara. Yapange kwa herufi nilizoandika chini, uso wa kila kipande umeelekea dohani.

Namba saba ni kituo na daraja. Hilo usilifungue mpaka siku yenyewe, tena mezani, mbele ya wageni. Nimetumia gundi ya aina mpya, haitaki hewa kabla ya siku kumi na mbili. Mweleze na mkuu wako hivyo. Najua mkono utakuwasha kulikagua. Uzuie.

Mbao zote mia tisa na sitini zimo. Vidole vyangu ndivyo vimebaki nusu.

Mjomba wako


Jumanne, 30 Aprili

Mjomba,

Hakuna gundi ya aina hiyo. Nimeuliza.

Nianze na mazuri maana yapo. Tulipounganisha vile vipande sita, ofisi nzima iliizunguka meza. Mhasibu, ambaye huwa hana habari na majengo, alipiga magoti ili macho yake yawe sawa na barabara, akachungulia ile njia yenye paa mwanzo hadi mwisho. Wageni walipoingia, mwenyekiti aliinama hata tai yake ikalala bwawani. "Hivi ndivyo patakavyokuwa?" akauliza kwa sauti ndogo. Mkuu akasema hivi ndivyo. Kisha nikafungua namba saba.

Nilikiweka kile kipande mezani kabla sijakielewa. Daraja lilikuwa na mikono miwili. Na mkono wa pili haukuning'inia hewani, ulishuka kwenye kipande cha plaiwudi ambacho hakuna aliyekuagiza, na juu yake mtaa wetu! Fundi baiskeli. Geti la bluu. Njiwa, Mjomba, njiwa kama chembe za chumvi! Foleni ya bomba. Na kwenye kibaraza, mbele ya meza, mtu mmoja ukubwa wa punje ya mchele, ameinama anashona.

Niliona watu wazima wenye suti wakisogea polepole, mikono nyuma, kama wanaogopa kuwaamsha waliolala mle. Mama mmoja, mkuu wa usalama wa reli, alivaa miwani, akaweka kidole kwenye uzio wako, akauliza: "Hili tundu fundi amelijuaje?" Ulitoboa hata tundu. Hapo nikajua mama yangu amekuambia yote.

Mwenyekiti akauliza: "Kwani hapa wanaishi watu?" Miaka mitatu anakuja saiti.

Mkuu akanitazama, uso umemwiva. "Ni kosa la fundi wa modeli," akasema. "Kipande hiki si chetu. Sivyo, binti?"

Nami nikasema ndivyo. Nikasema fundi amekosea.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta, lakini ndiyo niliyoisema, mbele ya mama yangu ukubwa wa punje ya mchele. Wageni watarudi tarehe 20 Mei kuamua. Kabla ya hapo nimeamriwa nikate kipande chako na mkono wa pili wa daraja, mimi mwenyewe. Msumeno uko mezani kwangu. Nisipokata, sina kazi.

Kwa nini hukuniuliza kwanza?

Penseli


Alhamisi, 9 Mei

Mwanangu,

Mkuu wako amesema kweli. Nimekosea, na kosa nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Miaka arobaini sijaweka kwenye kazi ya mtu kitu ambacho hakikuchorwa. Fundi wa modeli hana maoni, ana kisu na rula. Nimeivunja miiko ya kazi yangu, nimekudanganya kuhusu gundi, na nimekusimamisha mbele ya watu bila kukuuliza. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Nilipopata barua ya mama yako, nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata. Si kwa mkuu wako, simjui. Hasira ya ile karatasi. Nilijua aliyemvuta mdogo wangu kutoka mbele ya treni ndiye huyo huyo aliyeichora, tena kwa mwandiko mzuri. Siku mbili sikushika kisu. Siku ya tatu nikaanza na geti la bluu, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Sasa kata. Tumia msumeno wa meno madogo. Anza upande wa chini, ukianza juu plaiwudi itamenyeka. Kuna mstari mwembamba wa penseli pembeni mwa jukwaa, fuata huo. Niliuweka kwa sababu nilijua huenda ikafika hapo.

Usikate kwa machozi, hutauona mstari. Kazi hiyo umeitafuta kwa jasho, usiitupe kwa ukaidi wa mzee kiziwi. Sina kinyongo hata kidogo. Na mama yako mlete huku akae nasi mpaka goti lipone.

Mjomba wako anayekupenda


Jumatano, 22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikukata.

Nilishika msumeno mara moja, nikageuza kile kipande kama ulivyosema, nikauona mstari wako. Umeuchora kwa upole kiasi kwamba nilikaa chini. Mtu anafanya kazi ya miezi miwili halafu anamwonyesha mwenziwe pa kuikatia! Nikarudisha msumeno stoo.

Jumamosi na Jumapili nilipima mtaa wetu. Mama alishika ncha ya futi-kamba, goti lake hivyo hivyo, akawa anafokea watu: "Sogeeni, mwanangu anapima!" Fundi baiskeli akahamisha magurudumu yake. Babu wa njiwa alitaka nipime na banda, nikalipima. Halafu nikaichora upya karatasi namba kumi na saba. Mpaka wa mradi nimeuacha palepale, mstari wa nukta, ila sasa mchoro unaupita na kuendelea hadi bombani.

Juzi wageni walipokaa, nilisimama kabla ya mkuu. Nikasema: "Fundi hakukosea. Karatasi ndiyo iliyokosewa, na aliyeichora ni mimi. Mimi ninaishi hapa. Tundu hili napenya kila asubuhi. Mwezi wa kwanza nilimvuta mama yangu kutoka hapa, treni ikiwa kama kutoka kwangu hadi ukuta ule. Halafu nikaja ofisini nikapachora patupu."

Yule mama wa reli akafungua faili lake. Kumbe ana mwaka wa pili anapeleka maombi ya kivuko pale, na kila mara anaambiwa ni nje ya mpaka: reli wanasema ni kazi ya kampuni, kampuni inasema ni ya madiwani. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza wote watatu wamekaa meza moja, na meza yenyewe ina watu juu yake. Mwenyekiti alichuchumaa upande wetu wa modeli, akatazama maofisi yake kutokea kibarazani kwa mama, muda mrefu sana.

Hawajaamua. Mkuu hakunifokea, na nafikiri ingekuwa nafuu kama angenifokea. Amenihamishia tawi la mbali, kuchora mitaro ya maji ya mvua. Naondoka Jumatatu. Modeli yako imechukuliwa na mama wa reli, nzima, iko ofisini kwake.

Siku ile nilisema umekosea. Nisamehe.

Penseli


Jumatano, 3 Septemba (mwaka uliofuata)

Penseli,

Marahaba, na ya kusamehe tulishayamaliza mwaka jana, usinikumbushe kila barua. Najua mitaro haikukupa ruhusa ya kuja kwenye ufunguzi wa kituo na daraja. Nimekwenda mimi kwa niaba yako. Nimerudi jana, miguu imevimba, na nimekataa kula mpaka nikuandikie.

Mwanangu, miaka yote hii nimetengeneza vitu ninavyoweza kuvibeba kwa mkono mmoja. Nilikuwa sijawahi kwenda kuona hata kimoja kikiwa kimekua. Nilifuata njia yenye paa, nikafika chini ya zile mbao za kukinga jua, nikainua kichwa. Kila moja ilikuwa ndefu kuliko mimi! Nilizihesabu ghorofa ya kwanza, nikafika thelathini na kitu, machozi yakanivuruga hesabu. Mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hizi nilizikata mimi kwa wembe. Akaniletea kiti.

Dohani niliiwekea kiganja. Ina joto la jua, matofali yake yamekwaruzika, na juu wamekaa ndege. Sikujua ni kubwa hivyo. Mtu asiniambie tena kwamba moja kwa mia mbili ni hesabu tu.

Daraja nililiacha la mwisho kwa woga. Mama yako akanichukua jana asubuhi, saa ya watu kwenda kazini, kutokea upande wenu. Kuna ngazi, na kando yake mteremko wa wenye mikokoteni na wasioweza ngazi. Goti lake linapenda mteremko. Tundu la uzio wameliziba, na hakuna anayelitazama. Watu walikuwa wengi, sijui walikuwa wakipenya vipi kwenye kile kitundu: vikapu, sare, watoto, na fundi baiskeli amepakia baiskeli mbili juu ya ya tatu. Wote juu, hewani, wanatembea kama wako sebuleni. Wengine walishukia jukwaani kupanda treni, wengine wakaendelea hadi kwenye mabasi na maofisi.

Tulipofika katikati nilihisi chuma kinatetemeka chini ya nyayo. Nikatazama chini, nikaona paa la treni linapita, behewa baada ya behewa, refu halina mwisho, moja kwa moja chini ya miguu ya mdogo wangu. Nikashika ukingo kwa mikono yote miwili. Nikageuka kumtazama yeye nione atafanya nini.

Alikuwa ananieleza habari za vifungo. Kuna duka, ndani ya jengo la tatu, wanauza vifungo vya shati vya rangi ambayo hajawahi kuipata kwingine. Alikuwa ananionyesha ukubwa wake kwa vidole, furushi la mashati begani, midomo haipumziki. Treni ikaisha kupita na yeye hakuwa amekatisha hata neno moja.

Mjomba wako